Chapwani wana majina yao kwenye mawe. Wetu tunawazuru wapi?

#1 Nahodha wa Funguni
Assalaam alaykum wana ukumbi.

Mie kazi yangu boti, hapa Unguja mjini. Nawapeleka wageni visiwani: Changuu kwa kobe, Bawe kuogelea, Nakupenda kula samaki. Wiki iliyopita nilipata mgeni mmoja, bibi mtu mzima, hakutaka kobe wala kuogelea. Alitaka kisiwa cha Chapwani, kwenye makaburi ya mabaharia wa Kiingereza. Alikuja na karatasi yenye jina la ndugu wa bibi yake, baharia wa manowari ya Kiingereza, Pegasus.

Akalipata. Akakaa chini pale pale kwenye majani makavu, akalipangusa lile jina kwa kitambaa alichojifunga shingoni, akanyamaza kama nusu saa. Mie nikasimama kando nimevua kofia, popo wanapiga kelele juu ya miti.

Tuliporudi botini akaniuliza kwa upole kabisa: "Na nyinyi, watu wenu waliokufa vitani mnawazuru wapi?" Nikamwambia kesho nitakuonyesha. Usiku sikulala. Asubuhi nikazunguka mji: Mizingani, Forodhani, Mnazi Mmoja, nikarudi Malindi. Sikuona pa kumpeleka. Kwenye hoteli yake sikwenda tena, nikaona haya. Kumuahidi mtu na kumkimbia si tabia yangu, na jambo hili limenikaa moyoni.

Suala langu ni hilo. Wazawa wa hapa waliokufa vitani, kaburi lao liko wapi? Na kama halipo, kwa nini halipo?

#2 Binti Mkunazini
Waalaykum salaam nahodha. Mimi ningempeleka kanisani Mkunazini, mle ndani mna kumbukumbu za mabaharia waliokufa wakiyafukuza majahazi ya watumwa. Lakini nikifikiri tena, wale nao ni mabaharia wa Kiingereza. Kwa hiyo suala lako liko pale pale.

#3 Mtoto wa Kisiwandui
Nahodha, hao wa Pegasus si ndio waliokuja kuipiga kasri ya Sayyid Khalid, vile vita vya dakika 38? Sasa sisi tukavue kofia kwa watu waliotuua?

#4 Maalim wa Skuli
#3, umechanganya vitu viwili vilivyopishana miaka 18. Nakuwekea sawa, maana vijana wengi skuli wananichanganyia hapo hapo.

Vita vya kasri ni tarehe 27 Agosti 1896. Sultani, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25, Sayyid Khalid bin Barghash akaingia kasrini kushika usultani bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda wa mwisho hadi saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza kutoka manowari zilizokuwa hapo mbele ya mji. Beit al-Hukm ikabomolewa, ile Beit al-Ajaib ikaharibika ikabaki imesimama. Boti ya Sultani, Glasgow, ikazamishwa bandarini, milingoti yake ikabaki juu ya maji kwa miaka. Upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa wanakadiriwa kuwa 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Pegasus ni Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1914, Vita Vikuu vya kwanza. Ilikuwa imetia nanga hapa inatengenezwa mitambo, haiwezi kuondoka. Alfajiri baada ya saa kumi na moja ikatokea manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikaipiga kwa mbali. Mizinga ya Pegasus ilikuwa haifiki. Hebu fikiria hali hiyo: unapigwa, unajibu, na risasi zako zinaangukia majini kabla ya kumfikia adui. Mchana wake ikazama. Königsberg ikakimbilia delta ya Rufiji, nayo ikamalizwa huko Julai 1915.

Kwa hiyo kijana, wa Chapwani hawakuipiga kasri. Walikufa wamekwama bandarini petu.

#5 Mtoto wa Kisiwandui
Ahsante Maalim, nimekosea na nimejifunza. Lakini mimi nimewahi kusikia kwa watembeza wageni kwamba waliokufa ni 24. Hiyo hesabu ni sahihi?

#6 Maalim wa Skuli
Hao 24 ndio wanaotajwa kuwa wamezikwa Chapwani kwenye kaburi la pamoja. Jumla ya waliokufa inatajwa 38, na majeruhi 55, kwa sababu wengine walikufa baadaye kwa majeraha. Ndiyo maana utasikia hesabu mbalimbali.

#7 Mswahili wa Kibokoni
Salamu kutoka Mombasa. Mzinga mmoja wa hiyo Pegasus uko hapa kwetu Fort Jesus, na jirani yake uko mzinga wa Königsberg. Maadui wawili wamekaa uwanja mmoja. Watoto wanawapanda kupiga picha. Kila nikipita huwa nawashusha, na wananiona mkorofi.

#8 Ami wa Vikokotoni
Wanangu, nimewasoma wote. Mnatafuta kitu mlichopita nacho kila siku.

Nahodha, umesema ulifika Mnazi Mmoja. Ulitazama lile jengo la kuba jeupe? Beit al-Amani. Jina lake maana yake nyumba ya amani, na amani yenyewe ni ya kumalizika vita vya 1914 mpaka 1918. Ilijengwa iwe ukumbusho wa vita hivyo. Aliyeichora ni Sinclair, yule yule aliyekuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza hapa, na ilifunguliwa 1925. Sasa nawauliza nyote mliosoma skuli za mjini na mkapelekwa pale mmepanga mstari: mnakumbuka nini?

#9 Binti Mkunazini
Mifupa ya ndege dodo, Ami.

#10 Mtoto wa Kisiwandui
Sanduku la dawa la Livingstone. Hakuna mwalimu aliyetuambia tumeingia ndani ya ukumbusho wa vita.

#11 Ami wa Vikokotoni
Ndilo nililolitaka. Ukumbusho upo, na hakuna anayekumbuka. Mimi mwenyewe nilipita pale miaka arubaini naenda kazini na kurudi, sikujua mpaka nilipostaafu nikapata nafasi ya kusoma. Kwa hiyo nahodha usione haya peke yako, haya hizi ni zetu sote.

#12 Nahodha wa Funguni
Ami, Allah akujaalie umri. Lakini nikimpeleka mgeni pale nitamuonyesha nini kwa kidole? Yule bibi alipangusa jina. Mie nikapanguse ukuta?

#13 Kijana wa Tandika
Wakuu, natokea Dar. Sisi tuna Sanamu la Askari pale katikati ya mji, limewekwa 1927, askari kashika bunduki yenye singe. Chini pana maandishi kwa Kiswahili, yanawataja na wapagazi, kwamba walikuwa mikono na miguu ya jeshi. Nilipita pale kila siku kwenye daladala. Siku moja foleni ilikuwa mbaya nikashuka, nikasoma, nikasimama palepale kwenye jua nasoma tena. Maneno mazuri, yanagusa. Ila hata pale hakuna jina hata moja la mtu. Askari wa shaba ana sura ya kila mtu na hana jina la yeyote.

Ukienda kwenye makaburi ya vita ya njia ya Bagamoyo, mawe yamepangwa safi, nyasi zimekatwa, kila mmoja na jina na tarehe yake.

#14 Mjukuu wa Makame
Assalaam alaykum. Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo mmenitoa.

Mimi kwetu Makunduchi. Baba wa bibi yangu alichukuliwa upagazi wakati wa vita vya Mjerumani. Bibi alikuwa tumboni. Nyumbani kwetu haisemwi "mwaka wa 1917", husemwa "mwaka waliochukuliwa". Walikuja kukusanywa watu wa shamba, wengine walikimbilia maweni wakajificha, yeye alikuwa anatoka pwani na mtego wake wa samaki begani hana habari. Akapelekwa mjini, kisha bara. Baada ya hapo hakuna tena habari.

Hakuna aliyekuja kusema kafa. Hakuna aliyekuja kusema yu hai. Mke wake, mama wa bibi, akabaki hana jina la hali yake: si mke, si mjane. Posa zilikuja, akazirudisha. Alingoja miaka minne, ndipo wazee wakampeleka kwa kadhi, akaambiwa akae eda. Miezi minne na siku kumi akamkalia mtu ambaye hakujua alifia mto gani. Siku aliyotoka eda ndiyo siku waliyomsomea khitma. Mtego wake waliutundika ukutani nje ya nyumba mpaka ukaoza wenyewe, hakuna aliyethubutu kuutumia wala kuutupa.

Sasa nahodha, umeuliza tunawazuru wapi. Sisi tulizuru ule ukuta.

#15 Nahodha wa Funguni
Dada yangu, nimekusoma nimeshindwa kuendelea na kazi. Mungu amrehemu.

#16 Kijana wa Tandika
Pole sana dada. Wapagazi waliokufa vita vile wanakadiriwa karibu laki moja Afrika Mashariki nzima, wengi si kwa risasi, ni kwa kuhara, malaria, kichomi na njaa. Walibebeshwa unga na risasi porini kwenye mvua, chakula chenyewe kibovu.

#17 Ustadh wa Jang'ombe
Naomba kuchangia upande wa dini. Sisi kaburi halitakiwi kupambwa wala kujengewa. Maiti anazikwa, yanawekwa mashahidi mawili, kichwani na miguuni, basi. Kumbukumbu yake ni dua na sadaka, si jiwe. Tumehimizwa kuzuru makaburi kwa sababu yanakumbusha akhera, hatukuhimizwa kuyaandika. Kwa hiyo mgeni angekuuliza, ungemwambia kwa kifua: wetu tunawaombea popote walipo, hatuhitaji boti. Hii ndiyo sababu, na wala si aibu.

#18 Binti Mkunazini
Ustadh kwa heshima zote, dua naikubali, sababu siikubali. Nenda pale ubavuni mwa kasri, kuna makaburi ya masultani, yana mawe na maandishi mazuri ya Kiarabu. Wale nao ni Waislamu. Kwa nini jiwe liwe halali kwa Sultani na liwe haramu kwa mpagazi wa Makunduchi? Mimi naona sababu ni moja tu: serikali ya kikoloni iliwahesabu wapagazi kama mizigo. Askari ana namba, cheo, na barua inakwenda kwao akifa. Mpagazi alikuwa na kipande tu cha kazi. Asiyeandikwa akiwa hai ataandikwa vipi akifa?

#19 Ustadh wa Jang'ombe
Hayo ya masultani waliyafanya wao, si hoja ya sharia. Lakini hilo la barua umenishika. Aliyekalishwa eda ya kukisia kadhulumiwa, na dhulma ile haifutwi na dua yangu.

#20 Mpemba wa Wete
Nyinyi wa Unguja mnazungumza Chapwani kama yenu peke yenu. Yule kapteni maarufu aliyezikwa pale, Brownrigg, aliuliwa maji ya kwetu Pemba, Disemba 1881. Alilifuata jahazi lililopandisha bendera ya Kifaransa, kumbe ndani mna watumwa, wakampiga. Hata wafu wenu mnawatoa kwetu kama karafuu.

#21 Mtoto wa Kisiwandui
Haya, Mpemba kaingia na karafuu zake. Tulikuwa tumekukosa. Bendera ya Kifaransa kwa nini?

#22 Mpemba wa Wete
Kwa sababu Waingereza hawakuwa na ruhusa ya kuyapekua majahazi yenye bendera ile, wakubwa hawakuelewana. Wenye majahazi walilijua hilo, bendera ikawa ngao.

Na nakuongezea. Jahazi lile lilikuwa na watu waliofungwa ndani. Watu hao ndio waliokuwa sababu ya mkasa wote. Jina la kapteni tunalijua, jiwe lake tunalipalilia. Hao waliokuwa ndani ya ngama, nani anamjua hata mmoja? Suala la nahodha ni kubwa kuliko vita.

#23 Keya mdogo
Naomba tusisahau Vita vya pili. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma. Walipigana 1944 katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, matope mpaka magotini, wakawasukuma Wajapani mpaka mto Chindwin. Alirudi na nishani na kikohozi. Nishani ilikaa kwenye mkebe wa biskuti pamoja na sindano za bibi.

Huyu alirudi, sasa kaburi lake liko Mwanakwerekwe na nalijua. Nilichotaka kusema ni kwamba hata aliyerudi hakuzungumza. Tulimuuliza sisi wajukuu, akatujibu habari za mvua tu. Kwa hiyo mimi nadhani sababu ya tatu ni kimya cha wenyewe. Walioiona vita hawakutaka itajwe mbele ya watoto, na aliyekwenda kupigania himaya ya mtu mwengine hakujua alitaje vipi. Walipokufa wao, na majina ya wenzao waliowaacha kule yakafa.

#24 Binti Mkunazini
Keya mdogo, kwa hiyo lawama ni ya wazee? Mjukuu wa Makame kwao hawakunyamaza, wametaja miaka mia moja na zaidi.

#25 Keya mdogo
Silaumu dada. Nasema nilivyoona kwetu. Nyumba na nyumba hazilingani.

#26 Mtoto wa Kisiwandui
Mimi narudi 1896. Wale 500 ni mjini hapa hapa, si Burma wala Rufiji. Kwa nini hakuna hata kibao pale mbele ya Forodhani? Wageni wanaambiwa "vita vifupi kuliko vyote duniani", wanacheka, wanapiga picha, wanaenda kula pweza. Dakika 38 kwa aliyekuwa ndani ya kasri inaungua hazikuwa fupi.

#27 Maalim wa Skuli
Umesema neno la haki, hata mimi kicheko kile kinanikera. Ila kuna uzito mmoja. Siku ile Wazanzibari walikuwa pande zote mbili. Ndani ya kasri walikuwepo walinzi wa Sultani, raia waliojitokeza, na watumwa na watumishi waliopewa bunduki. Nje, upande wa Waingereza, walisimama askari 900 wa jeshi la Zanzibar lenyewe, chini ya maofisa wa Kiingereza, Raikes na Mathews. Aliyeshinda ndiye aliyetawala baada ya hapo, na aliyetawala hakuwa na haja ya kumjengea mnara aliyempinga. Sayyid Khalid mwenyewe alikimbilia kwa Wajerumani, akaja kukamatwa 1916, akahamishwa mbali, akafia Mombasa 1927. Sasa leo ukiweka kibao, utaandika waliokufa wakimtetea nani? Sultani? Nchi? Mtumwa aliyepewa bunduki alikuwa anatetea nini?

#28 Mtoto wa Kisiwandui
Andika majina tu, Maalim. Usiandike walikuwa wanatetea nini.

#29 Mswahili wa Kibokoni
Na hayo majina utayatoa wapi?

#30 Pwani Mchangani
Mimi nauliza kando kidogo: Kariakoo yetu ya Ng'ambo, pale uwanja wa watoto, nayo ni jina la wapagazi? Dar najua limetokana na kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale.

#31 Ami wa Vikokotoni
Wazee wangu walisema ndiyo, kwamba waliokusanywa walikaa pale kabla ya kupandishwa meli. Wengine husema limeigwa la Dar tu.

#32 Mjukuu wa Makame
Ami, kama ni kweli walikaa pale, basi pale ndipo mahali pa mwisho alipokanyaga ardhi ya kisiwa hichi. Wanangu wamebembea pale Idi iliyopita. Sijui nicheke au nilie.

#33 Msimamizi
Nimeondoa mabandiko mawili yaliyotaka kuuingiza uzi kwenye 1964. Jambo hilo lina nyuzi zake. Hapa tubaki na la nahodha. Shukrani.

#34 Ustadh wa Jang'ombe
Nimelala na uzi huu. Nilisema hatuhitaji jiwe, na sharia ya kaburi sijaibadilisha. Lakini ukuta wa Beit al-Amani si kaburi. Orodha ya majina pale haijengi juu ya maiti yeyote. Nahodha, siku ile uliuliza kama upanguse ukuta, sasa naona huenda ukuta ndio mahali pake.

#35 Binti Mkunazini
Ustadh amehama upande!

#36 Ustadh wa Jang'ombe
Sijahama. Nimesogea.

#37 Nahodha wa Funguni
Ahsanteni nyote, sikutegemea. Tarehe 20 Septemba nitakwenda Chapwani, nauli sitaki, mafuta yangu. Nataka kuwasalimu wale mabaharia kwanza, kwa sababu bila yule bibi nisingeuliza. Kisha turudi, Ami atusomeshe Beit al-Amani kwa nje, na tumalizie Kariakoo. Boti inachukua watu kumi na wawili. Tunaondoka asubuhi maji yakiwa yamejaa, yakipwa pale kushuka ni taabu.

Mjukuu wa Makame, ukija, leta jina lake kamili. La kwake, la baba yake, na la babu yake kama lipo.

#38 Mjukuu wa Makame
Makame Haji Kombo. Nyumbani walimwita Fundi kwa ajili ya mitego.

Nitakuja. Boti naiogopa, nikalishwe katikati.

#39 Mpemba wa Wete
Niwekeeni nafasi moja. Boti ya Mkoani inafika Malindi saa ngapi siku hizi?